Fuata Maji: Hatua za Kukarabati Nyumba ya Zamani

Wanaoniuliza habari za ukarabati huanza na vigae. Vya sebuleni viwe vya ukubwa gani, jipsamu ipigwe kila chumba au sebule peke yake, rangi ipi haionyeshi uchafu. Mimi huwauliza kwanza: nyumba yako inavuja wapi? Wengi hujibu kwamba haivuji, ila kuna kona moja tu ya chumba cha watoto. Basi kona hiyo ndiyo ukarabati wenyewe. Vigae vitasubiri.

Nazungumza kwa niliyoyaona tulipokarabati nyumba ya mama yangu iliyoko Chumbageni, Tanga. Marehemu baba aliijenga miaka ya 1970: kuta za matofali ya saruji, kenchi za mbao zinazobeba paa, bati la migongo, dari ya silingi bodi na sakafu ya simenti nyekundu. Tulipokubaliana kuchanga ili tuikarabati, kila mmoja alikuja na kitu chake moyoni. Dada yetu aliye Muscat alitaka dari ya jipsamu yenye taa, kaka alitaka jiko la kisasa, mdogo wetu alitaka vigae nyumba nzima. Ombi langu lilikuwa moja: pesa isiende kwenye kitu cha kuonekana kabla maji hayajadhibitiwa. Maji ya juu, yaani mvua. Maji ya chini, yanayopanda kutoka ardhini. Na maji ya ndani, ya kwenye mabomba. Ukiyafuata hayo matatu, utajua kipi kitangulie na kipi kisubiri.

Ukaguzi ufanye mvua inaponyesha. Watu wengi humwita fundi kiangazi, nyumba ikiwa kavu, naye anakagua madoa tu. Pwani yetu masika huwa Machi hadi Mei, na Aprili na Mei ndizo zenye mvua kubwa. Huo ndio wakati wa kuzunguka na daftari, chumba kwa chumba. Panda darini na tochi. Kisha panda tena adhuhuri bila tochi, jua likiwa kali: kila tundu la msumari uliolegea litajionyesha kwa mwanga wake. Choma mbao za kenchi kwa bisibisi, hasa pale zinapokalia ukuta. Mbao nzima inakataa, mbovu inaingia. Angalia njia za udongo za mchwa kwenye kuta na nguzo.

Na muulize anayekaa humo. Sisi tuliokuwa mbali tulijua kwamba paa linavuja, basi. Mama ndiye aliyetuambia, "Ikinyesha wima hapana neno. Ikija na upepo ndipo chumba cha uani kinapolowa." Maneno hayo yalitusaidia kuliko kipimo chochote. Bati lenye matundu huvuja kila mvua. Linalovuja kwa mvua ya upepo pekee lina tatizo la mapishano, yaani pale bati moja linapolalia jingine, au la pale linapokutana na ukuta, au ukuta wenyewe unapigwa na mvua ikapenya. Masika ndio msimu wa upepo wa kusi kuanza, hivyo mvua nyingi nzito zinaipiga nyumba kwa upande wa kusini na kusini mashariki. Chumba cha uani kinatazama huko huko.

Kwa kuta kuna kipimo rahisi. Bandika kipande cha nailoni ukutani, ziba kingo zote kwa seloteipu, kiache siku mbili. Unyevu ukijikusanya upande wa nailoni unaogusa ukuta, maji yanatoka ukutani. Ukiwa upande wa chumbani, ni mvuke wa hewa, na dawa yake ni dirisha kufunguka. Kwa mabomba, funga koki zote usiku, soma mita, usome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Namba zikisogea, kuna bomba linavuja mahali usipopaona. Kwa nyufa, zile nyembamba za juu ya lipu hazinitishi. Ufa unaoanzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari, na ambao unapokea ncha ya kalamu, chora mstari wa penseli kwenye ncha zake mbili na uandike tarehe. Ukija kuvuka mistari hiyo, mwite mhandisi aliyesajiliwa kabla hujamwita muashi. Vivyo hivyo ukitaka kuondoa ukuta ili sebule iwe kubwa: ukuta unaweza kuwa umebeba lenta (mkanda wa zege wa juu ya kuta) na paa, na mabadiliko ya namna hiyo yanahitaji kibali cha ujenzi cha halmashauri. Usikubali maneno ya "hapa tunabomoa tu, bosi."

Daftari likishajaa ndipo unaposema na mafundi. Nawasihi sana: makadirio ya ufundi yatenganishwe na makadirio ya vifaa, na vifaa mnunue wenyewe. Andikianeni, hata kama fundi ni mtoto wa jirani, na hasa akiwa mtoto wa jirani, kwa sababu ujirani una thamani kuliko kazi. Malipo yagawanywe kwa hatua: kiasi cha kuanzia, kiasi kazi ikifika nusu, kiasi ikikamilika. Kwa fundi wa paa tulikubaliana tangu siku ya kwanza kwamba sehemu ndogo ya fedha yake itabaki hadi mvua ya kwanza inyeshe. Hilo liseme mapema, mbele ya shahidi. Ukimwambia fundi baada ya kumaliza kazi kwamba unamsubirisha mvua, huo ni uonevu.

Halafu weka akiba. Nyumba mpya unajenga unachokichora, lakini ya zamani kila ukitindua unakutana na jambo lingine. Tulitenga sehemu ya tano ya fedha yote, tukaapa kutoigusa kwa ajili ya mapambo. Iliisha, na iliishia kwenye kenchi na mabomba.

Tulianza Juni, masika yalipopita, tukiwa na lengo la kufunga paa kabla ya vuli ya Oktoba. Mama hakutaka kuhama, na sikuona haki kumhamisha nyumba aliyoijenga na mumewe. Kazi ikawa ya nusu kwa nusu: vyumba viwili vinafanyiwa kazi, viwili vinakalika, na wakati wote choo kimoja na sehemu moja ya kupikia vinabaki vizima. Kazi inachelewa ukifanya hivyo, na ufundi unapanda bei kidogo. Lakini mzee anayelala kitandani pake anavumilia vumbi la nyumba nzima.

Kubomoa hakuna mengi, isipokuwa tahadhari. Zima umeme kwenye meini swichi na ufunge koki kuu. Kama paa au dari ni ya asbesto, na baadhi ya majengo ya enzi hizo yanayo, isivunjwe wala isikatwe kwa msumeno. Vumbi lake ni hatari kwa mapafu, na kuiondoa ni kazi ya wenye vifaa na ujuzi wake. Rangi za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo zilowanishwe ndipo zisuguliwe, watoto wakiwa mbali. Na kabla hujatupa milango, itazame vizuri. Mlango wa mninga au mvule wa miaka ile ukikwanguliwa na kupigwa vanishi unakuwa bora kuliko mwingi unaouzwa leo. Tuliitunza yote, tukabadilisha vitasa na bawaba.

Sasa paa. Hapa sina huruma na wanaobana matumizi. Geji ni kipimo cha unene wa bati, na bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, japo namba yake ni kubwa, na wengi huuziwa wakidhani wamepata nene. Karibu na bahari hewa ina chumvi, na kutu huanzia kwenye kingo zilizokatwa na kwenye misumari. Chukua geji 28 lenye mipako mizuri, misumari yenye mpira, na mbao zilizotiwa dawa. Kwa bati la migongo, msumari upite juu ya mgongo, usipite kwenye bonde ambamo maji yanatembea. Mapishano ya bati la juu na la chini yasipungue sentimita 15, na paa likiwa na mwinamo mdogo yazidi hapo. Kuna jambo jingine ambalo fundi mzee wa Tanga alilisimamia kwa ukali, nami nikamheshimu kwalo: kuezeka kulianzia upande usiopokea upepo, ili mdomo wa kila pishano uupe kusi mgongo. Paa la kwanza liliezekwa kinyume chake. Ndiyo maana mvua ya upepo ilikuwa ikiingia.

Pamoja na paa weka gata siku hiyo hiyo. Maji yanayodondoka kutoka kwenye bati hupiga ardhi, yakaruka na kulowanisha ukuta kwa chini, na baada ya miaka unasema ukuta unapandisha unyevu, kumbe ni mvua ya paa lako mwenyewe. Gata ikimwaga kwenye tangi, mama anapata maji ya kufulia. Ikimwaga kwenye mtaro unaotoka nje ya uwanja, ni sawa pia.

Maji ya chini yalitupa kazi ndefu kuliko yote. Kuta za nyumba nyingi za pwani zina ile rangi inayobabuka kwa chini, unga mweupe ukitoka, lipu ikilegea hadi magotini au kiunoni. Unga huo ni chumvi. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unabeba chumvi, unafika juu ya lipu na kukauka, chumvi inabaki na kusukuma rangi. Kama mchanga uliojengea ulikuwa wa pwani na haukuoshwa, chumvi ilikuwemo tangu mwanzo. Sasa dawa inayofanywa mitaani ni kupaka rangi ya kuzuia maji, au kupiga lipu mpya nzito juu. Ukuta unapendeza mwaka mmoja. Lakini maji hayakuondoka. Yamezuiwa kutoka pale, yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea, na safari hii yanatokea usawa wa swichi.

Fanya hivi. Zunguka nyumba kwa nje utazame usawa wa udongo. Kwetu, miaka ya kufagia, kupanda maua na kuleta kifusi ilikuwa imeinua udongo ukafunika ile nailoni inayolazwa juu ya msingi kuzuia unyevu, kwa hiyo ukuta ulikuwa ukinywa maji moja kwa moja. Tulichimba na kushusha udongo pande zote, tukamwaga mkanda wa zege kuzunguka nyumba, unaoinamia nje. Ndani tulitindua lipu yote iliyolegea, na kupita juu ya alama ya unyevu kiasi cha mkono mmoja. Chumvi iondoe kwa brashi kavu na uifagie nje. Ukiiosha kwa maji inayeyuka na kurudi ukutani. Kisha uache ukuta ukauke.

Kukausha nako ni hatua ya kazi, yenye muda wake kwenye ratiba, ingawa hakuna fundi anayeonekana. Ukuta uliokunywa maji miaka mingi huweza kuchukua mwezi mzima kukauka kwa kila inchi moja ya unene. Ndugu zako watapiga simu kuuliza mbona kazi imesimama. Dada yangu aliuliza, tena zaidi ya mara moja, na alikuwa na haki kwa sababu fedha ni yake. Nilimtumia picha za ile nailoni ya kipimo kila tuliporudia kuibandika, akaona mwenyewe jinsi unyevu unavyopungua. Tangu hapo alinisubiri kwa moyo mmoja. Mwenye kuchanga akiwa mbali, mpe ushahidi anaoweza kuuona.

Muda wa kukauka ndio wakati wa kupitisha mabomba na nyaya, maana kuta ziko wazi. Mabomba ya chuma ya zamani yameziba kutu kwa ndani, usiyaunge na mapya kwa kubana fedha, yatoe yote. Bomba za maji taka ziwe na mteremko wa kweli, na fundi aupime kwa pima maji mbele yako. Kila kona ya nje iwe na chemba inayofunguka, la sivyo siku ya kuziba utavunja sakafu. Kabla ya kufukia chochote, jaza maji kwenye mfumo, upate presha, uulaze usiku kucha. Asubuhi pita kila ungio kwa mkono mkavu.

Umeme mpe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Nyumba za miaka ile zilifungwa waya kwa ajili ya taa, redio na pasi. Leo kuna friji, feni, birika la umeme, pengine kiyoyozi. Kwa kawaida taa hupitishiwa waya wa milimita za mraba 1.5, soketi 2.5, na hita ya maji au jiko la umeme hupewa laini yake peke yake yenye waya mnene zaidi na breka yake. Hakikisha kuna arthi iliyozikwa ardhini na kupimwa, na breka inayokata umeme mkondo ukivuja kwa miliampia 30. Breka hiyo inaokoa maisha, hasa bafuni na jikoni. Kisha tembea na mwenye nyumba muulize anakaa wapi, anachajia wapi simu, akiamka usiku mkono wake unaanza kugusa wapi. Swichi ya chumba cha mama ipo karibu na mto wake wa kulalia, kwa sababu aliulizwa.

Kabla ya lipu, piga picha kila ukuta huku tepu ya kupimia imeegeshwa kando ya bomba na nyaya. Siku ya kutundika kabati hutatoboa kwa kubahatisha.

Lipu ina mambo mawili tu ya kusimamia: mchanga uwe safi, usio wa pwani, na imwagiliwe maji asubuhi na jioni kwa wiki moja hivi. Ile namba kwenye mfuko, 32.5 au 42.5, ni nguvu ya saruji baada ya siku 28. Kwa lipu 32.5 inatosha, na 42.5 peleka kwenye lenta na nguzo. Rangi isubiri kama wiki nne lipu ikauke.

Sasa ndiyo zamu ya vile vilivyotamaniwa tangu mwanzo, na kwa kweli vinakwenda haraka. Dari kabla ya sakafu, ili matone na vipande visiharibu vigae. Rangi ya kwanza kabla ya vigae, ya mwisho baada yake. Milango ikatwe chini sakafu ikishamalizika. Bafuni, kabla ya kubandika vigae, ziba shimo la kutolea maji, jaza maji kidogo sakafuni na uyaache saa 24. Yakipungua au ukuta wa pili ukilowa, fundi arudie. Mteremko wa sentimita moja kwa kila mita kuelekea shimoni unatosha. Vigae vikishakauka vigonge kimoja kimoja kwa sarafu: kinachotoa mlio wa uwazi hakikushika, kibanduliwe sasa fundi akiwa bado yupo.

Kuhusu vigae vya sebuleni, mama alikataa. Alisema sakafu yake nyekundu haitelezi na miguu yake imeizoea. Alikuwa sahihi. Vigae vinavyong'aa vikishika maji ni hatari kwa mtu wa umri wake, na simenti ile, baada ya kuzibwa nyufa na kupigwa nta, inapendeza kuliko nilivyotarajia. Fedha ya vigae ikahamia bafuni: vigae vyenye mkwaruzo, vyuma vya kushikia ukutani, mlango mpana usio na kizingiti. Mkikarabati nyumba ya mzazi, bafu lianze kufikiriwa kabla ya sebule ya wageni.

Ukarabati huisha mvua ya kwanza ikishanyesha. Vuli ilipoingia nilikwenda Tanga nikazunguka na daftari lile lile, chumba kwa chumba, nikapanda darini. Chumba cha uani kilikuwa kikavu. Sehemu moja kwenye kofia ya paa ilipitisha matone, fundi akapanda siku iliyofuata akaiziba, tukasubiri mvua nyingine, kisha akapokea fedha yake iliyobaki. Tangu hapo kuna ratiba: gata zinasafishwa Februari na Septemba kabla ya kila msimu wa mvua, matawi ya mwembe yanakatwa yasiguse bati, na udongo hauruhusiwi kurundikwa tena ukutani. Stoo kuna bati mbili za ziada, kasha la vigae vya bafuni, kopo la rangi lenye namba yake, na bahasha ya picha za kuta kabla hazijapigwa lipu.